Wastani na Kijiji cha Mwisho

Wapo wasomi wa aina mbili ambao siachi kubishana nao. Wa kwanza akishapewa wastani huridhika: kila kijiji kina njia tatu na nusu kwa wastani, basi vijiji vyote vimeunganika. Wa pili hudai kwamba takwimu zote ni uongo na bahati haina kanuni. Wote wawili wamepotoka, na hisabati imekwisha kuwaumbua.

Tuchukue vijiji 1000. Jozi zake ni 499,500. Kila jozi tuipigie kura, ipate njia au ikose. Mitandao ya namna hii ndiyo waliyoichunguza Wahungaria Paul Erdős na Alfréd Rényi mwaka 1959 na 1960. Kura ikikipa kila kijiji njia tatu na nusu kwa wastani, vijiji 30 hivi hubaki bila njia hata moja. Kizingiti kiko karibu na njia saba. Ukifika 14, kukuta kijiji kilichotengwa ni nadra kuliko mara moja katika majaribio 1000.

Mtaniambia barabara hazijengwi kwa kura. Kweli, na hilo ndilo linalonitia uchungu. Katika kura hakuna mla rushwa wala mwenye kupendelea kwao, na bado vijiji 30 vimeachwa! Sembuse kwetu wanadamu?

Je, wastani tuutupe? La hasha! Mwaka 1987 Béla Bollobás na Andrew Thomason walithibitisha kwamba kila sifa isiyopotea unapoongeza njia ina kizingiti chake. Mwaka 2006 Jeff Kahn na Gil Kalai wakabashiri zaidi: kwamba kizingiti cha kweli hakiwezi kukipita mbali kile kinachokadiriwa kwa wastani, tofauti haizidi kiasi cha logi ya idadi ya viungo vinavyohitajika. Kwa vijiji vyetu logi hiyo ni kama saba. Ubashiri huo ulithibitishwa mwaka 2022 na Jinyoung Park na Huy Tuan Pham, kwa kurasa chache tu.

Basi bahati ina kanuni, na upungufu wa wastani una kipimo. Asiyeulipia upungufu huo asiseme hakujua. Atakayeniletea wastani tena nitamwuliza kwanza: wenye sifuri ni wangapi?