CHAKULA HALALI HAKIHALALISHI KISU

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Himdi zote anastahiki Allah (s.w.), Aliyetuumba na Akatupa sura. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama ba'ad.

Ndugu zangu, dada zangu na wanangu mnaofuatilia ukurasa huu. Kuna tangazo linazunguka kwenye simu zetu, na wengi mmenitumia mkitaka kauli. Lina maneno matamu: wiki moja Istanbul, tiketi, hoteli, gari la kukupokea uwanja wa ndege, mkalimani, daktari bingwa, kisha unarudi nyumbani na shepu mpya. Na mwisho kabisa wameongeza maneno yaliyonifanya niandike leo: nchi ya Waislamu, chakula halali, msikiti jirani, na ukitaka unaunganisha na Umra.

Subhaanallah! Yaani mtu atoke kutufu Al-Ka'aba, kisha apitie Istanbul akachotwe mafuta tumboni yadungwe makalioni, na safari yote iitwe safari ya kheri?

Nasema wazi, na anayekasirika akasirike: chakula halali hakihalalishi kisu. Nguruwe akichinjwa kwa bismillah bado ni nguruwe. Jambo linahukumiwa kwa lilivyo. Nchi linapofanyika, na adhana inayosikika dirishani, haibadilishi hukumu yake.

*KWANZA: TUSICHANGANYE TIBA NA MATAMANIO*

Dini yetu haikuja kumtesa mgonjwa. Swahaba 'Arfajah bin As'ad (r.a.) alikatwa pua vitani kabla ya Uislamu. Akaweka pua ya fedha, ikawa inanuka, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Amepokea Abu Daud na Tirmidhi. Tazameni rehema hiyo: dhahabu mwanamume kakatazwa kujipamba nayo, lakini hapa ameruhusiwa, kwa sababu ni kurudisha kilichopotea na kuondoa adha.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura, mama aliyeungua na mafuta ya kupikia, dada aliyeondolewa titi kwa saratani, kijana aliyevunjwa taya kwa bodaboda, hawa wote mlango wao uko wazi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Kiislamu lilikaa Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, likatoa azimio namba 173 juu ya upasuaji huu. Likaruhusu kurekebisha kasoro za kuzaliwa nazo, na zilizoletwa na ajali, kuungua au maradhi. Hata unene uliofikia kuwa ugonjwa, na hakuna njia nyingine ila upasuaji, ukaruhusiwa kwa sharti la usalama. Likakataza upasuaji ambao si tiba, bali ni kufuata matamanio na kuiga sura za watu.

Basi asije mtu akasema "sheikh kaharamisha hospitali." Sijaharamisha hospitali. Nazungumza na mwenye mwili mzima, mwenye afya, anayetembea na kuswali kwa miguu yake, anayepanda ndege kwenda kukatwa kwa sababu kuna picha kaiona kwenye simu.

*PILI: UZURI GANI ALLAH ANAUPENDA?*

Hoja inayoletwa kila siku ni kuwa Allah ni mzuri na Anapenda uzuri. Ni kweli, hadithi hiyo ipo kwa Muslim. Lakini isomeni yote. Mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kupenda nguo nzuri na viatu vizuri, akihofia isiwe kiburi, ndipo akajibiwa hivyo. Nguo na viatu! Hakuuliza kuhusu kupasua nyama.

Kuhusu mwili wenyewe ipo hadithi nyingine, ya Ibn Mas'ud (r.a.), kwa Bukhari na Muslim. Imewataja kwa laana wanawake wanaochanja ngozi, wanaong'oa nyusi, na wanaochonga meno wapate mwanya kwa ajili ya uzuri, wakibadilisha maumbile ya Allah. Sisi watu wa pwani tunajua mwanya unavyosifiwa. Mwenye mwanya aliyepewa na Mola wake hana kosa. Kosa ni la aliyechukua tupa akauchonga. Na Imam Nawawi alipoisherehesha hadithi hii alieleza kuwa lile neno "kwa ajili ya uzuri" ndilo linalotenganisha: anayefanya kwa tiba au kuondoa kasoro hakuna ubaya.

Sasa jiulize mwenyewe. Ikiwa tupa ndogo kati ya meno mawili imefikia kutajwa hivyo, vipi mrija unaoingizwa tumboni? Na someni Suratun Nisaa, aya ya 119, mwone ni nani aliyeapa kwamba atawaamrisha watu wabadilishe alivyoumba Allah. Ni Shetani.

*TATU: MADALALI HAWAKUAMBII HAYA*

Dalali anakuonyesha picha mbili, kabla na baada. Picha ya tatu haonyeshi.

Katika upasuaji wa kuongeza makalio, mafuta huchotwa sehemu nyingine ya mwili na kudungwa makalioni. Kule ndani, kwenye msuli, kuna mishipa mikubwa ya damu. Sindano ikizama na mafuta yakaingia kwenye mshipa, yanakwenda hadi moyoni na kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa palepale kitandani. Mwaka 2017 jopo la madaktari wa fani hiyohiyo lilikadiria kuwa vifo vinaweza kufikia mtu mmoja katika kila 3,000. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kikawashauri wanachama wake wasiufanye mpaka ijulikane zaidi. Hao ni watu wanaokula kwa kazi hiyo, si mashekhe! Tangu hapo wapo waliobadili njia, wakidunga juu ya msuli tu na kutazama kwa altrasaundi. Lakini wewe uliyepata kliniki kupitia namba ya WhatsApp, utajuaje aliyeshika sindano ni nani?

Kisha kuna kurudi. Mtu kafanyiwa upasuaji mkubwa, baada ya siku chache anakaa kwenye kiti cha ndege saa nyingi, ndipo damu inaweza kuganda miguuni na lile donge kupanda mapafuni. Au kidonda kinatunga usaha ukiwa umeshafika Temeke au Likoni. Aliyekupasua yuko mbali, mkalimani hapokei simu, na daktari wa hapa hajui ulifanyiwa nini.

Wala msidhani pesa nyingi ni kinga. Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wa wakati huo, alifariki Oktoba 2005 baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo Marbella, Hispania. Mwaka 2009 mahakama ya huko ilimtia hatiani daktari wake kwa uzembe na kumhukumu kifungo cha mwaka mmoja. Mke wa rais, ndugu zangu. Hakukosa nauli, wala hakukosa kliniki ya gharama.

Na Allah (s.w.) Ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizo, Suratul Baqarah, aya ya 195. Anayepasuliwa kwa saratani anakimbia kifo. Wewe mzima unakifuata ili usifiwe?

*NNE: PESA NA AURA*

Mtu ukimuuliza Hijja anasema "sheikh, hali ngumu, Mungu akijaalia." Ya Istanbul imepatikana. Hijja ni faradhi kwa mwenye uwezo, Aal Imraan aya ya 97. Ulipolipia kliniki mamilioni, ulikuwa na uwezo au hukuwa nao? Jibu hilo usinipe mimi. Liandae kwa Yule Atakayekuuliza mali uliichuma wapi na uliitumia wapi. Na wengine wamechukua mkopo wa riba! Haramu imebebwa mgongoni na haramu nyingine.

Aura nayo: kuifunua mbele ya mgeni kunaruhusiwa kwa dharura, na dharura hupimwa kwa kiasi chake. Mwenye uvimbe ana dharura. Anayetaka kiuno chembamba ana dharura gani ya kulala uchi mbele ya wanaume asiowajua, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, safarini bila maharimu?

*TANO: WANAUME, MSIJIFICHE NYUMA YANGU*

Najua wapo kina baba wanaosoma hapa wakitikisa kichwa, "waambie sheikh, waambie." Subiri, zamu yako hii.

Binti mmoja ameniandikia inboksi. Ana watoto wawili. Amelipa nusu ya pesa ya safari, anaomba nimwombee dua arudi salama. Nikamuuliza sababu. Akasema mume wake kila usiku anatazama wanawake kwenye simu, na akimtazama yeye anamwambia, "Wewe umekuwa kama ubao." Mwili huo umebeba watoto wake wawili! Umechanika ukashonwa kwa ajili ya ukoo wake! Leo unaitwa ubao.

Wewe mume, dada huyu akifia kwenye meza ya Istanbul, usije ukasimama mbele ya jeneza ukisema ni kadari tu. Ulimi wako ndio uliokata ile tiketi. Uliamrishwa kuinamisha macho, hukuyainamisha, sasa mkeo ndiye alipe kwa nyama yake?

Na nyinyi vijana mnaokwenda hukohuko kupandikizwa nywele. Wanazuoni wapo waliolegeza kwa aliyenyonyoka nywele, kwa kuwa zinazohamishwa ni zake mwenyewe na ni kurudisha zilizokuwepo, na wamejengea hoja kisa cha watu watatu wa Bani Israil, ambamo mwenye upara alirudishiwa nywele na malaika. Sawa. Lakini kama wewe umepata upenyo huo, usiwe wa kwanza kumtukana dada yako. Na anayepandikiza ndevu ili afanane na msanii fulani asijifanye hii darasa haimhusu.

Nasi wenye mimbari tujiulize. Tunapiga kelele juu ya makalio ya wanawake mpaka hotuba inageuka kijiwe, watu wanacheka. Lini tumehutubu juu ya waume wanaowavunja wake zao kwa maneno?

*SITA: UFANYE NINI?*

Mwanangu uliyekwisha kulipa, pesa iliyopotea ni nyepesi kuliko roho iliyopotea. Vunja safari. Dai kinachorudishika, kilichobaki mwachie Allah, Atakupa badala yake.

Mwenye tatizo la kweli asione haya. Anza na madaktari wa hapa nyumbani. Muhimbili na Mloganzila wapo mabingwa wa upasuaji rekebishi, na CCBRT wamerekebisha midomo sungura ya watoto wetu miaka mingi. Ukiambiwa ni lazima nje, nenda kwa barua ya daktari, na maharimu wako, ukijua jina la atakayekupasua na nani atakuuguza ukirudi. Na uandike wasia kabla hujaondoka.

Aliyekwisha fanya, mlango wa toba haujafungwa. Ajute, aazimie kutorudia, na asijipasue tena kwa pupa akidhani toba ni kisu cha pili. Amuulize daktari mwaminifu na mwanachuoni. Na sisi wengine tukome kusambaza picha zake na kumcheka. Huo ni usengenyaji, na haramu yake haina tofauti ya wanazuoni.

Ewe Mola wetu, Umetuumba katika umbo lililo bora, basi zifanye nzuri tabia zetu kama Ulivyofanya nzuri sura zetu. Waponye wagonjwa wetu. Wape wake zetu kuridhika na waume zetu macho yenye haya. Wahifadhi mabinti zetu na kila anayewauzia mauti kwa jina la urembo. Aamiin.

Wallaahu a'lam.

Mfikishie mwenzako, hasa yule unayejua ana tiketi mfukoni. Usimtumie kwa kumkebehi. Mpigie kwanza, msalimie, kisha mtumie.