Matairi ya foklifti: Rahisi ya mwajiri, hatari ya kibarua

Na Mwandishi Wetu

KINYEREZI ya leo si ile ya mashamba waliyoijua wakazi wa zamani wa Dar es Salaam. Mitambo ya umeme wa gesi, ukiwamo wa Kinyerezi II wenye uwezo wa megawati 240 uliozinduliwa mwaka 2018, imekwenda sambamba na ongezeko la nyumba, maduka ya vifaa vya ujenzi na maghala.

Katika maghala ya jiji hili, kuanzia huko hadi Chang'ombe na Kurasini, kazi nyingi zilizofanywa na mabega ya makuli sasa hufanywa na foklifti. Tatizo ni kwamba matairi ya mashine hiyo hutazamwa kwa jicho lile lile la matairi ya gari: yakiwa bado yanazunguka, basi yanafaa. Hilo ni kosa linaloweza kugharimu maisha.

Foklifti haina springi kama za gari. Matairi ndiyo yanayopokea mtikisiko na ndiyo yanayoiweka wima. Inapobeba mzigo, magurudumu ya mbele huwa kama egemeo la mizani: mzigo upande mmoja, uzito wa chuma cha nyuma upande wa pili.

Hesabu yake si ngumu. Tairi moja la mbele likipungua upepo na kushuka kwa sentimita 2, huku magurudumu hayo yakiwa umbali wa mita 1, mzigo ulionyanyuliwa mita 4 utakuwa umehama kando kwa sentimita 8. Anayesimama karibu, mara nyingi, ni kibarua anayepanga magunia.

Kinachopaswa kuchagua tairi ni ardhi, si bei. Tairi la upepo hufaa kwenye uwanja wenye mashimo, kwa kuwa hulainisha mtikisiko, lakini msumari mmoja huliangusha. Tairi la mpira mtupu halipati pancha na hufaa penye vyuma na vigae, ila ni zito, hutikisa zaidi na hupata joto kali likiendeshwa mwendo mrefu bila kupumzika. Lile jembamba la mpira lililoshindiliwa kwenye ringi ni la sakafu laini ya ndani. Likitolewa nje wakati wa masika huzama na kuteleza.

Hapo ndipo ugumu wa maeneo kama Kinyerezi ulipo. Ghala lenye sakafu ya saruji linaweza kufunguka kwenye uwanja wa kokoto na tope, na foklifti moja ikatumika kote. Mmiliki wa aina hiyo achague tairi kwa kufuata ardhi mbaya zaidi inayokanyagwa, au asakafie njia ya kupita. Kubadili aina ya tairi bila kufuata maelekezo ya mtengenezaji nako ni hatari, kwa sababu kunaweza kubadili uwezo wa mashine ulioandikwa kwenye kibao chake.

Matunzo hayahitaji fedha nyingi. Upepo upimwe kwa geji kabla ya zamu, si kwa teke. Mipasuko, vipande vilivyomeguka na nati zilizolegea vitazamwe kila siku. Tairi la mpira mtupu likifikia mstari wa mwisho wa kulika uliowekwa na mtengenezaji, litolewe. Matairi ya ekseli moja yabadilishwe mawili kwa pamoja, kwani jipya na kipara huinamisha mashine. Ringi ya vipande viwili isifunguliwe kabla upepo haujatolewa wote. Inaweza kuruka na kumuua fundi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kuhakikisha mitambo yake ni salama, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ndio wenye kuisimamia. Hata hivyo, mkaguzi hawezi kuwapo kila alfajiri ghala linapofunguliwa.

Anayekuwapo ni dereva. Akiikagua mashine na kuikataa kwa sababu ya tairi, asihesabiwe mvivu wala mchelewesha kazi. Bei ya tairi hulipwa na mwenye ghala. Bei ya kutolibadili hulipwa na aliyesimama chini ya mzigo.