Tusiidharau Dawa ya Bei Nafuu

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, nasi tumeuchukua msemo huo wa jikoni tukaufikisha hadi kwenye dirisha la dawa. Mtu akipewa vidonge vya shilingi mia chache huvigeuzageuza mkononi na kumtazama mtoa dawa kwa mashaka. Akitundikiwa dripu, akachomwa sindano, akapewa na kapsuli za rangi mbili, hurudi nyumbani akiisifu hospitali: "Wale wanatibu, bwana!" Hata kama alikwenda na mafua tu. Tabia hii inatukomba mifuko, na wapo inaowapeleka kaburini kabla ya siku zao.

Bei ya dawa na gharama ya ugonjwa ni vitu viwili. Gharama ya ugonjwa ni fedha zote zitakazotoka mpaka mtu apone: nauli, vipimo, siku za kazi zilizopotea, na dawa ya pili iliyonunuliwa kwa sababu ya kwanza haikuwa ya ugonjwa ule. Tukihesabu hivyo, dawa inayomtoa mtu jasho kuinunua na asiweze kuimaliza ni hasara, hata ikiwa imetengenezwa kwa ustadi gani. Na dawa ya bei ndogo iliyochaguliwa kwa ujuzi ni tiba kamili.

Tuanze na kuhara kwa watoto, maana hapo ndipo ujinga wetu unapotugharimu zaidi. Mtoto anayehara hauawi na kinyesi, anauawa na maji na chumvi vinavyomtoka. Utumbo ulioudhiwa hushindwa kunyonya maji peke yake, lakini sukari ikifika pamoja na chumvi, utumbo huipokea sukari, nayo huiingiza chumvi kama mwenyeji anayemshika mgeni mkono mlangoni, na maji hufuata nyuma yao. Hiyo ndiyo siri yote ya ile pakiti ndogo ya chumvi na sukari iitwayo ORS, inayoshika vumbi kabatini.

Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyoizaa Bangladesh, wakimbizi walifurika katika mji wa Bangaon nchini India, na kipindupindu kikaingia kambini. Dripu zikawa zinaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika maji safi, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wagonjwa wao. Vifo vilivyokuwa vikikaribia 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Tafakari, ndugu yangu: hapakuwa na mashine wala mabingwa wa kutosha, na walionywesha walikuwa mama na shangazi waliokaa chini kwenye mikeka.

Kwa nini basi mama zetu hawaipendi ORS? Kwa sababu haifungi tumbo. Mama amekuja na mtoto anayehara mara kumi kwa siku, amepewa maji ya chumvi, na jioni mtoto bado anahara. Ana haki ya kuuliza. Ila mhudumu naye alipaswa kumwambia mapema kwamba kazi ya maji yale ni kumlinda mtoto asikauke wakati tumbo likijitengeneza lenyewe. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaagiza mtoto apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14; kipimo walichotoa mwaka huo kilikuwa miligramu 20 kila siku, na 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Zinki hupunguza siku za kuhara na humkinga mtoto kwa miezi kadhaa inayofuata. Asipoelezwa hayo, mama huyo huenda duka la dawa la jirani akanunua Flagyl. Dawa hiyo ina kazi yake kwa amiba na vimelea wengine wa namna hiyo, lakini watoto wengi wanaoharisha hawana vimelea hao, wana virusi. Fedha imetoka na ugonjwa umebaki. Nisieleweke vibaya: mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, au anayetoa damu kwenye choo, huyo apelekwe kituoni mara moja, na akihitaji dripu atundikiwe.

Sasa tuje kwenye homa. Nani kati yetu hajaambiwa ana "wadudu wawili wa malaria", taifodi kidogo na UTI juu yake? Magonjwa matatu kwa mtu mmoja, siku moja, na mfuko wa dawa wa kubebea mikono miwili! Watafiti waliwachunguza watoto 1,005 waliofika na homa katika vituo vya Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Waliokuwa na malaria walikuwa kama mtoto mmoja katika kila kumi. Wa homa ya matumbo, hiyo taifodi yetu, hawakufika wanne katika mia. Saba katika kila kumi walikuwa na maradhi ya virusi, mengi yakiwa ya njia ya hewa. Hao dawa yao kubwa ni parasetamoli, maji ya kutosha, chakula, na jicho la mama kuangalia dalili za hatari kama kupumua kwa shida au degedege.

Kipimo cha haraka cha malaria kinachotoa jibu ndani ya robo saa ni cha gharama ndogo, na kinatosha kumwepusha mtu na dawa mseto ya malaria asiyoihitaji. Kipimo cha Widal kinachotumika sana kutangaza taifodi hakitafuti bakteria wenyewe. Kinatafuta askari wa mwili waliowahi kupambana nao, na askari hao huweza kuonekana kwa mtu aliyeugua zamani au mwenye ugonjwa mwingine kabisa. Kwa hiyo majibu yenye msalaba mmoja au miwili kwenye karatasi si hukumu. Wapo watu mitaani wanaotibiwa taifodi kila baada ya miezi mitatu, na sindano zake, na wanaamini damu yao ina taifodi sugu. Wanacholipia hasa ni karatasi ya maabara.

Kila dozi ya antibayotiki inayotolewa bure bure ina gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Bakteria huizoea. Siku mtoto atakapopata nimonia ya kweli, amoksilini ya bei ndogo huenda isimsaidie tena, na itabidi itafutwe dawa ya mara kumi ya bei hiyo. Hapo ndipo unafuu wa kesho unapouzwa na uzembe wa leo.

Wapo watakaonijibu kwamba nawafundisha watu ubahili. Hapana. Klorokwini ilikuwa rahisi kuliko zote, kila duka la kijiji lilikuwa nayo, lakini Tanzania iliiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeishinda. Dawa isiyotibu ni ghali hata ikigawiwa bure. Tazama tena malaria kali. Kwa miaka mingi tuliitibu kwa kwinini ya dripu, ambayo bei yake ilikuwa chini ya sindano ya artesunate. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, ulionyesha kwamba artesunate ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na kwinini. Tena sindano yake hupigwa kwa dakika chache, wakati kwinini humtaka muuguzi ailinde dripu kwa saa kadhaa, mara tatu kwa siku, katika wodi yenye watoto arobaini na muuguzi mmoja. Hapo dawa yenye bei kubwa ndiyo iliyokuwa nafuu, na ni haki ilipochukua nafasi ya kwanza. Kwa hiyo wahenga wetu hawakukosea. Sisi tumeutumia msemo wao pasipo hesabu.

Mahali pengine panapotaka hesabu ni presha. Malaria ina dozi inayoisha kwa siku tatu, lakini presha hukaa na mtu mpaka mwisho wa maisha yake, na dawa yake hivyo hivyo. Tuseme daktari amemwandikia mzee dawa ya shilingi 30,000 kwa mwezi, na ipo ya 3,000. Mwezi wa kwanza watoto watachanga. Wa pili watachanga kwa manung'uniko. Wa nne mzee mwenyewe, kwa kuwaonea huruma, atasema anajisikia vizuri, na ataacha. Mwaka haujaisha amepooza upande mmoja, na sasa ukoo mzima unachangia kitanda, mtu wa kumgeuza na gari la kumrudisha kliniki.

Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada, uliofuatilia watu zaidi ya 33,000 wenye presha na umri wa miaka 55 na kuendelea, ambao theluthi yao hivi walikuwa weusi. Dawa ya zamani ya kukojoza, ya bei ya chini kuliko wenzake, ilipambanishwa na dawa mpya za wakati ule. Katika kuzuia mshtuko wa moyo haikushindwa na yoyote. Katika kuuzuia moyo usilegee na kushindwa kazi ilizishinda. Na kwa watu weusi ilizuia kiharusi vizuri kuliko lisinopril, mojawapo ya hizo mpya. Hapa kwetu dawa za ukoo huo wa kukojoza zipo, na amlodipine, nyingine kati ya zile mpya, nayo siku hizi hutengenezwa na viwanda vingi na bei yake imeshuka. Wapo wagonjwa, hasa wenye kisukari kilichogusa figo, ambao daktari ana sababu njema ya kuwapa nyingine. Asiye na sababu hiyo aanze na ya bei ya chini.

Vidonda vya tumbo sitavizungumza sana. Nakumbusha tu kwamba Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua kwamba vingi husababishwa na bakteria. Mtu anayetafuna vidonge vya magnesiamu mwaka wa sita sasa aombe kupimwa bakteria huyo. Akikutwa naye, dozi ya siku 14 yaweza kumaliza kesi.

Hofu ya dawa bandia ni ya haki, sikatai. Lakini bandia hufuata faida, na dawa yenye jina kubwa huigwa kama nyingine. Kinga ni kununua penye leseni, iwe famasi au Duka la Dawa Muhimu, na kutazama tarehe ya mwisho na pakiti isiyofunguliwa. Jina la kampuni si kinga. Parasetamoli ya kiwanda hiki na ya kile, zote zikiwa zimesajiliwa, huteremsha homa ile ile.

Nanyi waganga na matabibu wetu, kazi hii ni yenu kwanza. Serikali imewapa Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, na Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1977: dawa chache, zilizothibitishwa, kwa bei ambayo jamii inaimudu. Andikeni cheti kwa jina halisi la dawa, si jina la kampuni iliyowaletea kalenda na kalamu. Mgonjwa mwenye bima msimwongezee vipimo eti kwa kuwa halipi yeye. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023, na mfuko wa bima hiyo ni jasho la wakulima na mama lishe.

Na wewe mgonjwa, sema uwezo wako mbele ya daktari, kabla cheti hakijaandikwa. Wengi wetu tunaona aibu, tunaitikia "ndiyo daktari", halafu tunafika dirishani na kusema, "Nipe vya elfu mbili tu, vingine nitakuja kuchukua kesho." Kesho hiyo haiji, na nusu ya dozi ya antibayotiki huenda isimponye mtu. Muuza dawa anayesikia maneno hayo asikate karatasi ya vidonge kwa mkasi. Amrudishe mtu kwa tabibu na ujumbe mfupi: huyu hana uwezo wa hii, mwandikie nyingine.