Mahojiano ya viza ni pale unapoishi: mama, usihamishwe kama furushi

SEHEMU YA 1

Najua niliahidi leo tutazungumzia uji wa mtoto wa miezi sita. Uji utangoja. Kuna jambo limenikaa kooni na nisipolisema leo sitalala.

Wiki hii amekuja kliniki mama mmoja, mimba ya wiki 34. Nimebadilisha mambo madogo ili asijulikane, lakini yaliyobaki ni kweli tupu. Kitabu chake cha kliniki kilikuwa na alama za mwisho akiwa wiki ya 20. Nikamuuliza, mamangu, ulikuwa wapi miezi hii yote? Akanyamaza. Halafu akasema, "Nilikuwa nangojea intavyuu."

Mumewe yuko Marekani. Ajenti mmoja aliwaambia Nairobi kuna foleni ndefu, kwamba kuna nchi nyingine ambako ubalozi wa Marekani "unapitisha haraka". Bibi akapelekwa huko kwa viza ya matembezi, akakodishiwa chumba, akakaa kungojea. Hakuwa na kliniki, hakuwa na jamaa, hata pa kupimia presha hakupajua. Mwishowe akaambiwa yeye si mkazi wa nchi ile, kesi yake haiwezi kusikilizwa pale. Akarudi na miguu imevimba, presha 160 kwa 110. Hakukaa hata nusu saa kwangu, tukampeleka hospitali kubwa. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake. Wako hai wote wawili, Alhamdulillahi.

Sasa nyinyi niambieni: haraka ile ilikuwa ya nani?

SEHEMU YA 2

Tuanze na ukweli ambao ajenti hakuusema.

Mke au mume anayeombewa viza ya kuhamia Marekani huwa hachagui ubalozi kama anavyochagua kitenge sokoni. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2025, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imesema waziwazi: mwombaji atapangiwa mahojiano katika eneo la ubalozi wa mahali anapoishi, au katika nchi ya uraia wake akiomba hivyo. Basi. Kuna misamaha, lakini ni michache sana, kama dharura ya kiafya au ya kibinadamu. "Huko foleni ni fupi" haimo.

Kwa hiyo mama wa Kenya anayeishi Kenya, awe Lamu, Kisumu au Mombasa, mahojiano yake ni Nairobi, pale Gigiri. Mkenya anayefanya kazi Ghuba kwa kibali halali atapangiwa kule anakoishi, na akitaka anaweza kuomba iwe Nairobi kwa sababu ndiko kwenye uraia wake. Ndugu zetu wa Somalia wanapangiwa Nairobi kwa kuwa kwao huduma hiyo haipo.

Unajuaje umepangiwa wapi? Ukishafika hatua ya Kituo cha Taifa cha Viza, kile wanachokiita NVC, unapewa nambari ya kesi. Herufi tatu za mwanzo ni za ubalozi. NRB ni Nairobi. Sasa hivi, ukiwa unasoma hapa, mwulize mumeo: nambari ya kesi yetu ni ipi? Akikwambia "ajenti anayo", rudi usome sehemu ya 1.

SEHEMU YA 3

Nasikia tayari mmoja anasema, "Nesi, wewe shika chanjo zako, mambo ya viza waachie wenyewe."

Sawa. Basi tuzungumze chanjo, kwa sababu viza yenyewe inapitia mwilini mwako kabla ya kufika dirishani.

Kabla ya mahojiano ni lazima upimwe na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, katika nchi ileile utakayohojiwa. Huwezi kupimwa Nairobi ukapeleka majibu ubalozi wa nchi nyingine. Mahali pakibadilika, vipimo vinaanza upya, na pesa zinatoka upya.

Mwenye miaka 15 na zaidi anapigwa eksirei ya kifua kutafuta kifua kikuu. Ukiwa mjamzito una haki ya kuelezwa kwanza na kukubali mwenyewe. Ukikubali, unafunikwa tumbo kwa kinga ya risasi pande zote. Usipotaka, unaweza kungoja mpaka ujifungue, na viza nayo ingoje. Huo ni uamuzi wako wewe. Si wa shemeji, si wa ajenti, wala si wa mume aliye upande wa pili wa simu.

Chanjo ya surua na ya tetekuwanga hazitolewi kwa mjamzito. Daktari anaandika kwamba kwa sasa hazikufai, na hilo halikuharibii kesi. Kwa hiyo msifiche mimba! Nimesikia watu wakiwashauri mabinti wafiche "ili mambo yaende". Unaficha mimba kwa mtu anayetaka kukudunga sindano? Jamani.

Na eksirei ikionyesha kitu, unatoa makohozi mara tatu yakaoteshwe maabara, na majibu yanaweza kuchukua hadi wiki 8. Piga hesabu. Wiki nane ukiwa kwako ni wiki nane za kulala kitandani mwako, mamako anakupikia, na kliniki yako iko mtaa wa pili. Wiki nane nchi ya watu ni kodi, chakula, viza ya matembezi inayokwisha, na mimba inayokua bila mtu wa kuipima.

Vipimo hivyo kwa kawaida vinatumika miezi 6, mara nyingine 3 ikiwa kuna jambo la kifua. Na viza utakayopewa haiishi kuliko vipimo. Mtu akikwambia "pima mapema mapema", mwambie taratibu. Ukipima ukiwa na mimba changa na mambo yakakawia, utapima tena ukiwa na mtoto mgongoni.

SEHEMU YA 4

Hapa wanaume mtanisamehe. Au msinisamehe, sawa tu.

Fomu ya DS-260 inauliza anwani ya mwombaji. Mwombaji ni mke. Lakini nani anaijaza? Mara nyingi ni mume, saa sita ya usiku akiwa Minneapolis au Columbus, ametoka kazini amechoka, ajenti yuko kwenye simu anamwelekeza. Anwani inayoandikwa ni ile ajenti anayotaka. Barua pepe inayoandikwa ni ya ajenti. Kisha tarehe ya mahojiano inatumwa, na mwenye mimba ndiye wa mwisho kujua.

Simsemi vibaya kila mume. Wengi wanalipa kwa jasho. Ombi la I-130 ni dola 625 kwa mtandao au 675 kwa karatasi, ada ya viza dola 325, ya kukagua hati za udhamini 120. Anayelipa hivyo na kulala peke yake miaka, namheshimu. Lakini kulipa ada hakukupi ruhusa ya kumwandikia mkeo anwani ya uongo. Hiyo fomu inasainiwa kwa jina lake, kwa kiapo chake. Ikigundulika kuna uongo, atakayekaa dirishani kuulizwa ni yeye, peke yake, kwa kuwa wewe hata hulazimiki kuwepo siku hiyo.

Mama, unachotakiwa kudai ni kidogo tu:

Barua pepe yako mwenyewe iwe kwenye kesi, na neno la siri ulijue.
Anwani iwe ya mahali unapolala kweli.
Nambari ya kesi uiandike nyuma ya kitabu cha kliniki. Naam, hapohapo. Kitabu hicho hukipotezi.
Tarehe isikubaliwe kabla hujasema uko wiki ya ngapi.

Hii ya mwisho ina maana yake. Mashirika mengi ya ndege yanataka barua ya daktari ukipita wiki 28, na mengi hayakupandishi baada ya wiki 36. Unaweza kupata viza ukashindwa kupanda ndege. Kama tarehe inagonga wiki zako za mwisho, uandikie ubalozi mwenyewe uombe isogezwe. Ukishapangiwa tarehe, ubalozi ndio wa kuandikiwa, si NVC.

SEHEMU YA 5

Kuna hoja moja ya ajenti ambayo inawanasa wengi, hasa jamaa zetu wa Somalia na Burundi. Inasema: "Nchi yako imewekewa marufuku, twende ukahojiwe kwingine."

Tangazo la rais wa Marekani la Juni 2025 liliifungia Somalia kabisa na Burundi kwa sehemu, na baada ya hapo yamekuja mengine. Lakini sikiliza: marufuku hizo zinaangalia uraia wako. Zinakufuata na pasipoti. Ukihojiwa Nairobi, Dubai au mwezini, wewe bado ni raia wa nchi ileile. Anayekuuzia ubalozi mwingine kama dawa ya marufuku anakuuzia maji ya mfereji kwenye chupa ya dawa. Soma tangazo linalotumika siku hiyo kwenye tovuti ya serikali yao, bure, kabla hujauza hata kuku.

Wala sisemi utaratibu wenyewe ni mtamu. Mama wa Bukavu au Goma anapangiwa Kinshasa, upande wa pili wa nchi, na barabara ya kumfikisha hana. Mama wa Mandera akienda Gigiri na mtoto anayenyonya anapita siku mbili njiani. Hilo ni la kulalamikiwa, na nalilalamikia. Wanaopanga ramani hizo hawajabeba mtoto kwenye basi la usiku. Lakini dawa ya safari ndefu haiwezi kuwa safari ndefu zaidi, tena ya uongo.

Na kama kweli umehamia nchi nyingine, una kibali, una mkataba wa nyumba, watoto wanasoma huko, basi hapo ndipo unapoishi na hapo ndipo uhojiwe. Kama maisha yako yako hatarini, omba msamaha wa kibinadamu na ushahidi wako mkononi. Ninachopinga ni kukodishiwa chumba na kuambiwa ukiite nyumbani.

SEHEMU YA 6

Mmeniuliza sana kuhusu watoto, nijibu kabla sijafunga.

Ikiwa mumeo ni raia wa Marekani na aliishi kule miaka mitano kabla mtoto hajazaliwa, miwili kati yake akiwa ameshapita miaka 14, mtoto wenu wa ndoa huenda tayari ni raia tangu kuzaliwa. Huyo haombewi viza ya kuhamia. Anaripotiwa ubalozini, anapewa cheti chake na pasipoti. Nimeona watu wakilipishwa ada za viza kwa mtoto ambaye ni raia!

Ikiwa mtoto ni wa ndoa yako ya kwanza na mumeo wa sasa ni raia, mtoto huyo anahitaji ombi lake mwenyewe la I-130. Haingii kwenye lako. Mume akiwa na grini kadi tu, hapo mtoto wako aliye chini ya miaka 21 na hajaoa wala kuolewa anaweza kuingia kwenye kesi yako. Ulizeni mapema, maana nimeona mama akipata viza akiwa amemwacha wa miaka minne kwa bibi yake, akidhani "wataongezea huko mbele".

Sasa kazi ya usiku huu. Mpigie mumeo. Usianze kwa ugomvi, yeye naye ana hamu ya kukuona. Mwambie: "Baba fulani, tusome hiyo kesi pamoja." Angalieni herufi tatu za mwanzo, anwani, barua pepe. Kama kuna uongo, rekebisheni sasa kabla ya tarehe kutoka. Kama ajenti anakataa kuwapa neno la siri, hiyo peke yake ni sababu ya kuachana naye.

Na wewe uliye huko ugenini saa hii, umekodishiwa chumba, tumbo linakua na hujapimwa: hata kabla ya hiyo simu, toka ukatafute kituo cha afya kilicho karibu. Kichwa kikikuuma sana, macho yakiona giza au vimulimuli, uso na mikono ikivimba, usingoje asubuhi. Tarehe ya mahojiano inaweza kupangwa tena.

Mtumie dada yako mwenye mume ng'ambo. Maswali andika hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Kesho uji, wallahi.