Mtoto akichoka na kazi ya ordinateri



Katika vikundi vyetu neno moja linarudia sana siku hizi. Mtoto alisoma informatiki, labda kule ESIS Salama ya Wasalesiani, labda kwenye chuo kingine. Mama aliuza makala na samaki wakavu kwenye soko la Kenya miaka mingi ili alipe minervali. Mtoto akapata kazi ya kutengeneza programu za ordinateri. Kiisha miaka mitatu ao mine anasema: "Mama, nimechoka na hii kazi. Nataka kufanya kitu kingine." Mama anasikia kama nyumba inamwangukia.

Wengi wetu tunajibu mbio: "Ni uvivu." Tusiseme hivyo mbele ya kumsikiliza. Kazi ile inafanyika kwa kukaa, lakini inachosha. Mtoto anashinda siku nzima akitafuta kosa ambalo mwingine aliacha. Anachojifunza mwaka huu, mwaka ujao kinaweza kuwa cha zamani. Umeme ukikatika, kazi inamngojea palepale, na usiku kiongozi anapiga simu. Mwashi anaona ukuta wake umesimama. Yeye anasikia tu malalamiko wakati programu imekufa.

Pia ahadi zilikuwa kubwa kupita kiasi. Kampani Andela ilianza Lagos katika 2014, ikafika Nairobi na Kampala, ikifundisha vijana kufanyia kazi kampani za Marekani. Wazazi wakafurahi. Katika Septemba 2019 ikaachisha kazi vijana 250 katika Nigeria na Uganda, na wengine tena katika Kenya, kwa sababu wateja walitaka watu wenye uzoefu mrefu, si wenye kuanza. Vijana wale hawakuwa wajinga. Soko ndilo liligeuka.

Mji wetu unajua jambo hili tangu zamani. Baba aliingia Union Minière, kiisha Gécamines, akifikiri atatoka mzee. Katika 2003 na 2004, kwa feza ya Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka Gécamines. Ilisemwa wanaondoka kwa mapenzi yao, lakini walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Wengi wenu mnakumbuka: feza ile ilipokwisha, ni shamba na biashara ndogo ya mama iliyoweka bukari mezani. Kazi inaweza kwisha, lakini kile ambacho mikono na kichwa vinajua kinabaki.

Basi mama afanye nini? Amuulize mtoto pole pole: umechoka na kazi yenyewe, ao na mahali unapoifanyia, ao na mshahara? Kama ni mahali ao mshahara, atafute kampani nyingine. Kubadilisha ufundi hakutaponya. Kama halali, anakonda, ao ameanza kutafuta pombe kila jioni, afya itangulie: aende kwa munganga, apate mapumziko. Na kama ni kazi yenyewe, tukae naye tufanye hesabu.

Hesabu ni hii. Nani anaishi kwa mshahara wake? Minervali ya wadogo zake inatoka wapi? Likelemba yake inaanguka mwezi gani? Asiache kazi mbele ya kuwa na chakula na kodi ya nyumba ya miezi sita hivi. Kazi mpya aijaribu kwanza Jumamosi na siku za likizo.

Njia ziko. Anaweza kufunga vyombo vya umeme wa jua, ao kuchunga hesabu na stoki ya depo. Anaweza kufuga kuku. Mwenye kuzoea kuandika kila kitu atajua mapema kama chakula kinapita faida. Lakini kuku wanakufa, na ordinateri haiwaponyi. Anaweza pia kufundisha. Sisi walimu tunaipenda kazi yetu, lakini tunamwambia wazi: mshahara ni mdogo na unaweza kuchelewa.

Neno moja tuliache: "Nililala njaa kwa ajili yako." Ni kweli, na mtoto analijua. Lakini likisemwa kila siku linakuwa deni ambalo hawezi kumaliza kulipa, na mwisho ataficha taabu yake hadi siku anapoanguka. Tulimlipia masomo ili aweze kuishi vizuri. Masomo yale hayapotei akigeuza njia.

Ya kuzungumza katika kikundi juma hili:

1. Nani kati yetu alibadilisha kazi, na nini kilimsaidia miezi ya kwanza?
2. Mtoto akisema amechoka, sisi tunajibu nini kwanza?
3. Nyumbani mwetu, mshahara mmoja ukikatika, tunaweza kukaa miezi mingapi?