Pima Kwanza, Ndipo Ununue Betri

Leo hatuleti mshono wala mapishi, tunaleta habari ya gari. Wengi wetu siku hizi tunaendesha, na wengi wetu tunapoteza fedha kwa ubovu ambao ungejulikana kwa kipimo tu.

Sisi ni wanawake watatu, tunashona hapa Ihumwa, kando ya barabara ya Dodoma kwenda Morogoro. Wateja wetu wengi ni watumishi wa Mji wa Serikali pale Mtumba, na nguo zao tunazipeleka kwa gari letu dogo lililotumika Japani. Mwaka jana gari hilo lilianza vituko. Leo linawaka, kesho linagoma. Ukilifikisha kwa fundi linawaka mara moja, kama mtoto anayepona homa akiona mlango wa hospitali.

Fundi wa kwanza alisema betri imekufa. Tukanunua mpya. Wiki tatu hazijaisha, likagoma tena tukiwa na nguo za bibi harusi ndani. Fundi wa pili naye akasema betri tuliyouziwa ni mbovu. Tukanunua nyingine, na fedha tuliitoa kwenye malipo ya awali ya mteja aliyetuagiza kitambaa. Hapo ndipo palipotuuma. Ile haikuwa fedha yetu, ilikuwa amana. Tuliirudisha, alhamdulillah, lakini nguo ilichelewa na mteja akaenda kushona kwingine.

Fundi wa tatu, kijana mpole, hakushika spana. Alituuliza: "Dada zangu, linagoma wakati gani?" Tukatazamana. Tulikuwa tumenunua betri mbili na swali hilo hatujawahi kujiuliza. Akatuambia tuandike kwenye daftari kila linapogoma: saa ngapi, injini ni ya moto au imepoa, taa zina nguvu au zimefifia, na mlio gani unasikika.

Baada ya wiki moja daftari lilisema lenyewe. Asubuhi linawaka vizuri. Linagoma mchana, likishatembea na kusimama juani. Taa zinabaki kali, na stata inalia "ka" moja tu kisha kimya. Basi akaja mchana, likiwa limegoma, akapima. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akatuambia tuwashe. Hapo mita isizidi nusu volti. Yetu ilizidi volti 2. Waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini ulikuwa umeliwa na kutu ndani ya ganda lake, na ukipata joto unazidi kugoma kupitisha umeme. Waya ule ulibadilishwa kwa bei isiyofika hata robo ya betri moja.

Basi tuyashike haya machache. Mlio wa "ka-ka-ka" wa haraka huku taa zikififia, mara nyingi ni betri kukosa chaji au vichwa vyake kulegea. Betri iliyotulia ikisoma volti 12.2, imebaki kama nusu. Injini ikiunguruma, kwa magari mengi mita isome kati ya 13.8 na 14.4, ikibaki 12 na kushuka, kachunguzeni altaneta na mkanda wake. Gari likiwa limekufa kila asubuhi baada ya kulala, kuna kitu kinanyonya umeme usiku: fundi apime mkondo gari likiwa limezimwa na kutulia, na ukizidi sana miliampea 50, atoe fyuzi moja moja mpaka mnyonyaji aonekane. Nanyi mlioko Unguja na Pemba, hewa ya bahari ina chumvi. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri usafishwe kabla hamjatoa hata shilingi.

Tumesikia wengi wakisema mafundi ni wezi. Wapo wasio waaminifu, lakini na sisi tuna sehemu yetu. Tuliwaambia wale wawili, "Badilisha tu, tuna haraka." Fundi akipima saa nzima bila kubadilisha kitu, hatutaki kumlipa, akiuza betri, tunafungua pochi bila kinyongo. Mtu anayelipwa kwa kuuza tu, atauza. Sisi mafundi cherehani tungemcheka mwenzetu anayekata kitambaa cha mtu bila kushika utepe, na kumbe ndivyo tulivyotaka gari letu litengenezwe.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: mlipe fundi kwa kupima, hata siku ambayo hakubadilisha chochote, na mkubaliane ujira huo kabla hajafungua boneti. Akikwambia betri, mwambie kwa adabu, "Kaka, nionyeshe kwenye mita." Mwenye kuijua kazi yake hatakasirika.

Yule mteja wetu tulimwomba radhi. Mwezi uliopita alirudi na kitambaa cha Idi. Tulimpima mara mbili.