Usiache Mbachao: Natetea Chuma Kikuukuu cha Gofu

Mwaka huu nimeamua kuandika juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelicheka. Naam, nasema juu ya kile chuma changu, kile mnachokiita "rungu la Mzungu".

Kwa asiyejua, wakati wa likizo nilikwenda soko la Kongowea kununua viatu vya shule. Katika rundo la vikorokoro, baina ya pasi mbovu na raketi isiyo na nyuzi, nikaona chuma cha gofu namba saba. Kilikuwa na kutu, na kishikio chake kimekauka kama gome la mkoko. Muuzaji alitaka mia tano, tukavutana hadi mia tatu. Viatu nikanunua vya bei ya chini. Mama aliponiona nimeingia na chuma alinyamaza, na nyinyi mnajua kuwa mama akinyamaza ni kubaya kuliko akigomba.

Maoni yangu ni haya: kijana anayetaka kujifunza gofu asingoje seti mpya. Anunue chuma kimoja au viwili vilivyotumika, aanze kucheza. Wanaopinga wana hoja tatu, nami nitazijibu moja baada ya nyingine.

Kwanza husema, "Huo ni mchezo wa matajiri." Kweli, seti mpya ni makumi ya maelfu ya shilingi. Sisi wa Timbwani tukisimama ufuoni twaiona ng'ambo ya pili, na huko juu ya majabali ya matumbawe, kando ya Mama Ngina Drive, ndiko kiliko kiwanja cha Mombasa Golf Club kilichoanzishwa mwaka 1911. Feri haimtozi nauli mwenye miguu, lakini wengi wetu twapaona mbali kama Uingereza. Hata hivyo, sheria ya gofu yasema mchezaji asibebe zaidi ya fimbo 14. Hakuna sheria isemayo lazima zifike 14, wala lazima ziwe mpya.

Tena sikilizeni habari za Seve Ballesteros wa Uhispania. Alizaliwa mwaka 1957 katika kijiji cha Pedreña, kando ya bahari kama sisi. Watoto waliokuwa makedi, yaani wabebaji wa mikoba ya wachezaji, hawakuruhusiwa kucheza uwanjani watakavyo. Yeye alijifunza ufuoni kwa chuma kikuukuu namba tatu, akipiga vijiwe kwenye mchanga. Mwaka 1978 alishinda mashindano ya Kenya Open hapa kwetu, na mwaka uliofuata akashinda Open ya Uingereza akiwa na umri wa miaka 22. Je, hapa Likoni tumekosa mchanga?

Pili husema, "Vyuma vya zamani havipigi mbali." Hapa naomba wanafunzi wa Fizikia wanisaidie. Uso wa chuma umelazwa nyuma kidogo. Ukilazwa sana, mpira huenda juu na kuanguka karibu. Ukisimama, mpira huenda mbali. Namba saba ya zamani ililazwa kiasi cha digrii 36 hivi, lakini namba saba nyingi za siku hizi ni digrii 30 au hata chini. Kwa hiyo saba mpya ni karibu sawa na tano ya zamani iliyobadilishwa namba! Mtu anajisifu kwa namba tu.

Nitasema kweli, maana sipendi kudanganya: chuma cha zamani ni kigumu. Vingi vina kichwa chembamba, na usipoupata mpira katikati, mikono inakufa ganzi mpaka kwenye viwiko. Vile vilivyochimbwa mgongoni, ambavyo Karsten Solheim wa kampuni ya Ping alivieneza tangu miaka ya 1960, humsamehe mchezaji. Lakini hata hivyo navyo vimeshakuwa vya zamani, na ukitafuta katika mitumba unaweza kuvipata.

Hoja ya tatu haisemwi kwa sauti, nayo ndiyo iliyoniumiza. Mnajua sifa mbaya tuliyopewa vijana wa Likoni kwa sababu ya magenge ya mapanga. Siku ya kwanza nikipita uchochoroni na chuma changu mkononi, mama mmoja aliingiza watoto ndani akafunga mlango. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Hatua chache mbele, mzee mmoja barazani akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hicho chuma ni cha nini?"

Nikamweleza. Akakichukua, akakikagua, kisha akasimama na kukishika kwa mikono miwili, kidole kimeingiliana na kidole. Kumbe ujana wake alikuwa kedi! Tangu siku hiyo ndiye mwalimu wangu. Na mama yangu, bila kusema neno, alikishonea mfuko kwa leso kuukuu ili nisipite nacho wazi.

Sasa mnunuzi, nakupa wasia. Kiangalie chuma kwa urefu, kama fundi aangaliavyo mbao. Kikiwa kimepinda, kiache. Kitikise, na kichwa kikicheza, kiache. Kutu ya juu haina neno, huondoka kwa siki na msasa, ila kutu iliyokula mpini ni hatari, maana unaweza kukatika ukipiga. Mifereji ya usoni iwe ingali inaonekana. Kishikio kilichokufa unaweza kukizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Na ukienda ufuoni, nenda wakati maji yamekupwa na pasiwe na watu mbele yako wala nyuma yako.

Kwa walimu wetu nina ombi moja. Naamini katika stoo za wachezaji wa Mombasa na Nyali kuna vyuma visivyotumika. Shule iandike barua ivioombe, tupewe na pembe moja ya uwanja kila Ijumaa jioni, chini ya mwalimu. Hapo kijana wa Timbwani akionekana na chuma, watu watauliza amepiga hatua ngapi, si amemvizia nani.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wangu nimeununua kwa shilingi mia tatu, na siuachi ng'o.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu